Herufi zenye alama za lugha za Ulaya: namna ya kuzisoma, kuzichapa na kuzifikisha salama

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuchapa beji za wajumbe wa mkutano mmoja uliofanyika Arusha. Majina yalikuwa zaidi ya 200, na muda wa kuyamaliza ulikuwa usiku mmoja. Asubuhi yake mama mmoja kutoka Poland aliipokea beji yake, akaitazama kitambo, kisha akaniomba kalamu. Akachora kistari kifupi cha mshazari kuikata herufi l iliyokuwa katikati ya jina lake, akaivaa beji, akashukuru na kwenda kukaa. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Jina lake lilinifikia kwa barua pepe likiwa kamili. Mimi ndiye niliyekifuta kile kistari, kwa kuwa sikujua kukichapa na nilijiambia hakuna atakayeona.

Katika Kipolandi, l na ł ni herufi mbili tofauti. Ya kwanza ni kama l ya "lala". Ya pili husomwa kama w ya "wali". Laska ni bakora, łaska ni neema. Kwa hiyo nilichofanya ni sawa na kumpa mtu anayeitwa Wema beji iliyoandikwa "Lema".

Tangu hapo nimejifunza herufi hizi moja baada ya nyingine, na haya ndiyo ninayotamani ningeambiwa usiku ule. Yatamfaa mwenye steshenari anayechapa barua za maombi ya vyuo vya nje, mpokea wageni wa hoteli, mwongoza watalii, mfasiri, na ndugu aliyehamia Malmö au Köln ambaye kila fomu anayojaza ina herufi asizozikuta kwenye kibodi yake.

Hatua ya 1: Jua ni lugha gani kabla hujagusa kibodi

Kosa linalozaa makosa mengine yote ni kudhani kwamba alama moja ina kazi moja kila mahali. Chukua kile kistari kinachopanda kuelekea kulia, cha á au é. Katika Kihispania kinaonyesha mkazo uko silabi gani: papa ni Baba Mtakatifu wa Roma, papá ni baba mzazi. Katika Kicheki kistari hichohicho hakihusiani na mkazo, kwani mkazo wa Kicheki hukaa silabi ya kwanza. Kinakuambia uivute irabu iwe ndefu. Katika Kifaransa é hubadili sauti yenyewe ya e. Kipolandi kina ó inayosomwa u tu, ndiyo maana mji wa Łódź hutamkwa kwa kukaribia "Wuch". Na Kiaislandi, á husomwa "au".

Nukta mbili juu ya irabu nazo ni hivyohivyo. Mjerumani akiandika ö au ü anataja sauti nyingine kabisa, ambayo Kiswahili hakina: weka midomo kama unayesema u, kisha useme i, utaikaribia ü. Mfaransa na Mholanzi huziweka nukta hizo kuzizuia irabu mbili zisiungane, kwa hiyo Noël ni No-el, na België, jina la Ubelgiji kwa Kiholanzi, linasomwa silabi tatu. Mhispania huziweka juu ya u ya pingüino ili msomaji asiimeze u hiyo.

Sisi tumezoea lugha ambayo haiandiki mkazo, kwa kuwa karibu daima uko silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo mwalimu wa sarufi akitaka kutenganisha njia ya magari na neno lenye maana ya "sawasawa", huandika barabára na barábara. Kazi hiyo ambayo sisi tunaihitaji kwa maneno machache, Mhispania anaihitaji kila anaposhika kalamu.

Kama hujui lugha ya jina lililo mbele yako, herufi zenyewe hutoa siri. Ukiona ř, karibu hakika ni Kicheki. Ő na ű ni Kihungaria. ß ni Kijerumani. Þ ni Kiaislandi. Ă na ț ni Kiromania. Ã ni Kireno. Ğ na ile ı isiyo na nukta ni za Kituruki. Ø ni Kidenmaki au Kinorwe, na ö iliyo jirani na å huelekea kuwa Kiswidi. Baada ya hapo muulize mwenyewe kama anafikika. Watu hupenda kuulizwa jina lao linavyoandikwa.

Hatua ya 2: Tafuta sauti ambazo tayari unazo

Hapa Mswahili ana faida, na ningependa uitumie. Warumi waliacha alfabeti yenye herufi 23, na kila lugha iliyoirithi ilikuta ina sauti zisizo na herufi. Njia za kujaza pengo zilikuwa mbili: kuunganisha herufi mbili, au kuweka alama juu, chini au katikati ya herufi moja. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kirumi kilifuata njia ya kwanza, ndipo tukapata ch, sh, ny, dh, gh na th.

Chukua ny ya "nyanya". Mhispania anaiandika ñ, na kile kiwimbi cha juu kilianza kama n ndogo iliyobebwa mgongoni na waandishi wa zamani waliokuwa wakifupisha nn. Mcheki ana ň, Mpolandi ana ń, Mreno ana nh, Mfaransa na Mwitaliano wana gn. Mhungaria anaiandika ny, herufi kwa herufi kama sisi.

Sh ya "shamba" ni š kwa Mcheki, Mkroatia na Mslovenia, ș kwa Mromania, ş kwa Mturuki, sz kwa Mpolandi, sch kwa Mjerumani na ch kwa Mfaransa. Ch ya "chai" ni č Prague na Zagreb, cz Warsaw, cs Budapest, na ç ukifika Istanbul. Angalia hapo: ç ya Mturuki ni ch, ilhali ç ya Mfaransa na ya Mreno ni s tupu, kama katika jina la mji wa Besançon. Alama ni moja, mkia uleule, kazi mbili.

Wacheki wenyewe waliwahi kuandika cz kama Wapolandi. Mwanzoni mwa karne ya 15 kilitokea kitabu cha tahajia kinachohusishwa na mhubiri Jan Hus, kikapendekeza alama juu ya herufi badala ya herufi mbilimbili, na kutoka hapo ikakua ile kofia iliyopinduliwa ya č, š na ž. Katika miaka ya 1830 Ljudevit Gaj aliichukua mbinu hiyo kwa ajili ya Kikroatia.

Na watu wa pwani, waliosoma Kurani utotoni, watafurahia mbili zaidi. Ð ya Kiaislandi ni dh ya "dhahabu", na þ ni th ya "thamani". Kimalta, ambacho ni lugha ya jamii ya Kiarabu inayoandikwa kwa herufi za Kirumi, kina ħ yenye mstari: hiyo ni ح, ile ha ya kooni ambayo tahajia yetu sanifu haiitofautishi na h ya kawaida.

Hatua ya 3: Jua ni herufi kamili au ni alama tu

Swali hili linaonekana la kitaaluma mpaka siku utakapotafuta jina kwenye orodha usilione.

Kwa Mhispania, ñ ni herufi yenye kiti chake katika alfabeti, baada ya n, lakini á ni a iliyopigwa mkazo na hukaa pamoja na a. Kwa Mcheki, č, ř, š na ž ni herufi kamili. Á na é si. Mswidi anamaliza alfabeti yake kwa z, å, ä, ö. Mdenmaki na Mnorwe wanamaliza kwa z, æ, ø, å. Kwa hiyo mgeni anayeitwa Åberg yuko mwishoni, baada ya akina Z, katika orodha iliyopangwa Stockholm, ilhali orodha iliyopangwa na kompyuta yako hapa huenda ikamweka juu pamoja na akina Abdallah. Mjerumani, ingawa anayo ä, haipi kiti: katika kamusi zake huipanga pamoja na a.

Denmark kuna jambo la ziada. Waliipokea å mwaka 1948. Kabla ya hapo waliandika aa. Mji wa Århus ulirudi kwenye maandishi ya zamani mwaka 2011, sasa ni Aarhus, lakini hiyo Aa bado hupangwa mwisho wa alfabeti kana kwamba ni Å. Kwa ufupi, ukikosa jina juu, shuka chini kabla hujamwambia mtu kwamba hayupo.

Hatua ya 4: Jua maneno yanayogeuka maana

Mfano ambao kila anayeandika barua ya Kihispania anapaswa kuujua ni año, mwaka. Ukitaka kusema una miaka 20 ukaacha kiwimbi, utakuwa umeandika ano, na hilo ni tundu la haja kubwa. Barua za maombi ya masomo zimetumwa hivyo.

Mingine ni ya heshima zaidi ila inakwaza vilevile. Kireno: avô ni babu, avó ni bibi, na kilichobadilika ni umbo la alama tu. Kijerumani: drucken ni kuchapa karatasini, drücken ni kubonyeza, maneno mawili yanayokaa kwenye mashine moja. Kifini: saari ni kisiwa, sääri ni muundi wa mguu. Kihungaria: örült maana yake alifurahi, őrült ni mwendawazimu, tofauti ni nukta mbili na vistari viwili. Kifaransa: ou ni "au", où ni "wapi", na Wafaransa wanaiweka ù kwenye kibodi yao yote kwa ajili ya neno hilo moja. Kiitaliano: e ni "na", è ni "ni".

Kofia ya Kifaransa, ile ya ê na ô, mara nyingi ni kumbukumbu ya s iliyokufa. Forêt, hôpital, île: Mwingereza bado anaziandika na s yake, forest, hospital, isle. Anayejua Kiingereza akikumbuka hilo, ataziweka kofia nyingi mahali pake bila kamusi.

Usiache alama kwa sababu unaandika herufi kubwa. Wafaransa wengi walizoea kuziacha kwa sababu taipureta ziliwashinda, lakini Académie française, chuo cha lugha ya Kifaransa, inasema alama ina thamani kamili hata kwenye herufi kubwa, na Chuo cha Kifalme cha Kihispania kinasema vivyo hivyo. Kichwa cha habari POLICIER TUÉ kinasema polisi ameuawa. Ondoa kistari, POLICIER TUE, na polisi ndiye anayeua.

Hatua ya 5: Chapa

Kwenye simu ni rahisi: shikilia herufi bila kuachia. Ukishikilia e, zitapanda é, è, ê, ë na wenzake. Sogeza kidole kwenye unayoitaka. Ukishikilia s utapata ß. Kama ł haimo, fungua mipangilio ya kibodi uongeze lugha ya Kipolandi; haichukui hata dakika moja. Kompyuta za Mac nazo hukubali kushikilia herufi hivyohivyo.

Kwenye Windows, kwa herufi moja moja, tumia Alt. Ishikilie, chapa namba kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia (Num Lock iwe imewashwa), kisha achia:

é 0233, è 0232, ê 0234, É 0201
ç 0231, ñ 0241, ã 0227
ä 0228, ö 0246, ü 0252, ß 0223
å 0229, æ 0230, ø 0248

Namba hizi ni za Ulaya ya magharibi. Ł, č na ő hazimo. Ukiwa ndani ya Word, andika 0142 kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja, itageuka ł. Vivyo hivyo 010D ni č, 0159 ni ř, 0151 ni ő, 0219 ni ș, 021B ni ț na 0131 ni ı. Nilizibandika ukutani juu ya meza yangu, na nakushauri ufanye hivyo.

Kama unaandika kila siku, ongeza kibodi ya Marekani ya kimataifa kwenye mipangilio ya lugha ya Windows. Hapo ritifaa, yaani ' , ikifuatwa na e hutoa é. Kiwimbi na n hutoa ñ. Alama ya kunukuu na u hutoa ü. Ni kibodi nzuri, ila ina mtego kwa sisi tu. Ukiandika ng'ombe, kompyuta itaichukua ile ' na o iliyofuata ikakupa "ngómbe", na ng'ambo itakuwa "ngámbo". Dawa ni kubonyeza kitufe cha nafasi mara moja baada ya ' kisha kuendelea. Nimeona tangazo zima la mifugo likibandikwa ukutani na ngómbe wake.

Kwa Kipolandi kuna kibodi ya watengeneza programu ambayo herufi zake zote za kawaida zinabaki mahali pake: AltGr (Alt ya upande wa kulia) na l hutoa ł, AltGr na z hutoa ż, AltGr na x hutoa ź. Na wenzetu wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi wanaotumia kibodi ya Kifaransa wanazo é, è, ç na à tayari kwenye safu ya namba. Kinachowasumbua ni É kubwa, ambayo Alt 0201 inamaliza.

Hatua ya 6: Usidanganyike na pacha

Ș ya Kiromania ina koma iliyotengana na herufi. Ş ya Kituruki ina mkia ulioshikamana nayo. Kwa miaka mingi kompyuta hazikuwa na ile ya Kiromania, watu wakaazima ya Kituruki, ndiyo maana jina la Mromania mmoja laweza kuwa limeandikwa kwa namna mbili katika mafaili mawili, na ukitafuta moja huipati nyingine. Ő ya Kihungaria si õ ya Kireno. ß si B, wala si beta ya Kigiriki. Đ ya Kikroatia na Ð ya Kiaislandi zinafanana kabisa zikiwa kubwa, lakini ndogo zake ni đ na ð. Ile ď ya Kicheki inaonekana kama d yenye ritifaa pembeni, kumbe ni kofia iliyopinduliwa ambayo wachapaji waliibana kwa kukosa nafasi juu; usiichape kama d na '.

Hatua ya 7: Mashine ikikataa

Kuna fomu zisizopokea chochote nje ya A hadi Z. Hapo kila lugha ina kibadala chake. Mjerumani huandika ae, oe, ue na ss: Müller huwa Mueller. Mdenmaki na Mnorwe huandika ae, oe na aa. Mhispania, Mfaransa na Mpolandi kwa kawaida huacha alama tu.

Kwa tiketi ya ndege usikisie. Fungua pasipoti kwenye ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini yenye alama za <<<. Mistari hiyo husomwa na mashine na haina herufi zenye alama, kwa hiyo mwenye nchi ameshaamua badala yako: jina la juu laweza kuwa MÜLLER, la chini MUELLER. Nakili la chini. Kwenye barua, beji, cheti na mlango wa chumba, nakili la juu.

Wala usirudishe alama kwa kubahatisha. Si kila oe ya Kijerumani ilikuwa ö; Goethe aliandikwa hivyo na anabaki hivyo. Na yuko Muller ambaye babu yake alihamia Marekani akaziacha nukta bandarini. Mwenye jina ndiye msemaji wa mwisho.

Hatua ya 8: Faili likija limeharibika

Ukifungua orodha ya wageni ukakuta Ã© mahali pa é, Ã¼ mahali pa ü, au Ã± mahali pa ñ, usianze kusahihisha kwa mkono. Faili ni zima. Limeandikwa kwa mfumo wa UTF-8, programu yako inalisoma kwa mfumo wa zamani. Katika Excel, usilibofye mara mbili. Fungua ukurasa mtupu, nenda sehemu ya data, leta faili la maandishi, na unapoulizwa asili yake chagua UTF-8, namba 65001. Majina yatarudi yenyewe.

Ukikuta ³ ndani ya jina la Kipolandi, õ katika jina la Kihungaria, au è mahali ambapo Kicheki kingekuwa na č, hilo ni tatizo la zamani zaidi. Kabla ya Unicode, yaani orodha moja inayoipa kila herufi ya kila lugha namba yake, namba moja iliwakilisha herufi moja Paris na nyingine Prague, na faili lako limebeba namba bila kusema limetoka wapi. Hapo chagua mfumo wa Ulaya ya kati.

Tatizo la tatu halionekani kwa macho. É yaweza kuwa herufi moja, au e ikifuatwa na kistari kinachopanda juu yake. Skrini inazionyesha sawa, ila kutafuta kunashindikana. Hutokea sana unaponakili kutoka PDF. Futa herufi hiyo uichape upya kwa mkono wako.

Kabla hujachapa beji 200, chapa moja. Tafuta jina lenye alama ngumu kuliko yote kwenye orodha, ł, ő au ș, ulitoe karatasini kwa fonti utakayotumia. Fonti nyingi nzuri za mapambo hazina herufi hizi, nazo huazima kutoka fonti nyingine, ukapata herufi moja nyembamba iliyosimama kama mgeni katikati ya jina. Ukiiona, badilisha fonti ya orodha nzima, ili mwenye jina hilo asiwe peke yake.